Penye Kinu Hakuna Kesi

12 Novemba, Jumamosi

Mvua ya kwanza imeshuka alfajiri, ya kweli, si ile ya kudanganya vumbi. Daftari hili ni rejista ya mahudhurio ambayo shule ilisahau kuidai nilipostaafu. Nimepiga mstari juu ya majina ya watoto nikaanza kuandika. Zamani sikuwa na haja ya kuandika mambo ya nyumbani kwangu. Leo ninayo.

Wongani alipiga simu saa nne kamili kama kila Jumamosi. Nilikuwa nimepanda kilima cha nyuma ya kanisa, ndiko mtandao unakoshika. Mkewe, NyaGondwe, hakupanda nami kwa sababu mjukuu wangu Lusungu ameamka na homa.

"Mama, uko peke yako leo?"

Mtu akianza hivyo ujue alichobeba kimemwelemea. Akaniambia. Huko Joni, nchi ya kusini anakofanya kazi, ana mwanamke, na mwanamke amemzalia mtoto wa kiume, sasa ana miezi mitatu. Hana nia ya kumwacha.

"Na NyaGondwe?" nikamwuliza.

"Nitamwambia mwenyewe. Ila kwa sasa usimpe simu, mama. Akinisikia tu, amejua. Yule husikia hata usipotamka."

Nilimtukana matusi ambayo mwalimu wa miaka ishirini na minane hatakiwi kuyajua. Kisha nikatazama chini nikaliona shamba letu, matuta tayari, halina mbegu hata moja, na goti langu la kulia haliinami tena. Nikasema, "Basi ngoja mahindi yaingie ghalani kwanza."

Neno hilo nililisema mimi, si yeye. Naliandika ili baadaye nisije nikajitetea.

Nilipofika nyumbani NyaGondwe aliniuliza, "Kasemaje, mama?"

"Anakusalimu. Mzima. Kazi nyingi."

"Kasema hivyo?"

"Kasema hivyo."

15 Novemba

Tumepanda mpaka kwenye kichuguu cha mchwa. NyaGondwe anapanda haraka kuliko mvua.

19 Novemba

Nimepanda kilima bila kumuaga NyaGondwe. Nimemletea salamu zilezile. Aliniuliza sauti yake ilikuwaje. Sauti! Nikamwambia sauti ni sauti.

24 Novemba

Ameanza.

Leo alikuwa anakoboa mahindi nyuma ya jiko, peke yake, akaimba:

*Mvua imekuja, mwenye jembe hajaja,*
*mvua imekuja, nimwambie nani?*

Wimbo wenyewe ni wa zamani, kila mwanamke wa bonde hili anaujua. Lakini nimeusikia ukiimbwa mara mia na sijawahi kuacha chai yangu ikapoa. Kwenye "nani" sauti yake ilishuka nusu hatua chini ya noti, ikakaa hukohuko. Angekuwa mwanafunzi wangu ningempa tano juu ya kumi. Nilisimama dirishani mpaka akamaliza.

Kwetu mwanamke akishika mchi anaweza kuimba lolote: mume mlevi, mkwe mchoyo, chifu anayekula mbolea ya watu. Ukijitambua ndani ya wimbo, unameza. Humwiti barazani, humwulizi wakati wa kula. Penye kinu hakuna kesi. Ukitaka kumjibu, shika mchi uimbe na wewe. Mimi sijawahi kutwanga hapa. Nilipoolewa nilikuwa na mshahara, nikamlipa mtu atwange. Sasa naona nilijinyima mdomo.

Swali ni nani kamwambia.

3 Desemba

Nimeamua kuandika maneno ya kila wimbo anaoimba, na tarehe. Lisemwalo lipo, na lisilosemwa litajulikana kwa lile lililosemwa.

Leo: *Ng'ombe wamerudi zizini, mmoja sijamsikia kengele.* Aliurudia mara kumi na moja. Nilihesabu.

Namshuku NyaChirwa, jirani yangu. Ndiye anayekuja na mchi wake kumsaidia, wanapokezana, mmoja juu mmoja chini, na wakimaliza wananong'ona. NyaChirwa ukimwambia siri Jumatatu, Jumanne mbuzi wanaijua. Lakini yeye nani kamwambia? Kilimani nilikuwa peke yangu.

10 Desemba

Wongani hakupiga. Nimeleta salamu hivyo hivyo.

17 Desemba

Palizi ya kwanza imekwisha. NyaChirwa alikuja na uyoga akakaa mlangoni kwangu bila kukaribishwa, kama kawaida yake.

"Madamu, umewaona kina Chavula kanisani? Wanakaa benchi la mbele."

"Benchi si la mtu."

"Hawana haya. Mwaka juzi mtoto wao kafia Joni mwezi wa kumi na mbili, wakamficha mkwe wao. Maskini kapanda, kapalilia, kavuna. Gunia la mwisho limeingia ndani ndipo wanamwambia, aa, mumeo alishazikwa. Sasa mtu unakaaje na jambo kama lile moyoni, ukila sima ya mikono yake?"

Akanitazama. Mficha uchi hazai, akaongeza, akachukua bakuli lake akaondoka.

Kwa nini anipe mimi hadithi ya kina Chavula? Wale walificha msiba. Mimi sijaficha msiba. Lakini mkuki ulielekea kwangu, na NyaChirwa hatupi mkuki ovyo. Anajua.

25 Desemba

Krismasi. Wali, kuku, kanisa limejaa. Waliorudi kutoka Joni mwaka huu ni vijana wawili tu, na wote wanakaa upande wa pwani, mbali na Wongani. Nilimwona NyaGondwe akiwauliza kitu chini ya ukuta wa kanisa. Wakatikisa vichwa. Aliporudi uso ulikuwa umemchujuka. Nikajifanya hamnazo, nikamwuliza kama amemfunga Lusungu viatu vizuri.

Kwaya iliimba bila kukosea. Hiyo kwaya niliianzisha mimi, kwa uma wa kupimia sauti na do-re-mi ubaoni. Mwaka mmoja tulifika mashindano ya mkoa, tukapewa nafasi ya pili, na jaji mmoja aliandika kwenye karatasi yetu: "Watoto hawa hawajakosea hata noti moja, wala hawajaniambia neno lolote." Nina karatasi hiyo bado. Miaka ishirini na mbili nimemkasirikia yule bwana.

31 Desemba

Wongani alipiga. Mtoto wake ameota meno. Nikamwambia sitaki habari za meno.

"NyaGondwe anasemaje?"

"Haongei. Anaimba."

"Anaimba nini?"

Nikamsomea orodha yangu. Alisema, "Mama, hizo ni nyimbo za kila siku." Nikamwambia angesikia jinsi zinavyoimbwa asingesema hivyo. Akasema simu inakatika, na kweli ikakatika, ingawa sikusikia mlio wa kukatika.

9 Januari

Dhamiri ni mdudu. Leo nilishuka sentani, kwenye maduka, nikamnunulia NyaGondwe kitenge kipya. Vya maua vilikuwa vimekwisha sikukuu, nikapata kimoja cha buluu iliyokolea sana. Nilimpa nikasema, "Hiki chako, mwanangu. Umefanya kazi."

Alikipokea kwa magoti. Akakitazama, akakikunja, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, umeninunulia hiki kwa sababu gani?"

"Lazima kuwe na sababu?"

Ona jinsi alivyo mjanja. Hata zawadi anaifanyia upelelezi.

10 Januari

Kinu kizima cha mahindi, na wimbo mmoja tu: *Nguo nimepewa, aliyenipa kaangalia pembeni.* Huu si wa zamani. Huu kautunga yeye. Na ni kweli niliangalia pembeni.

16 Januari

Nimepata dawa. Mashine ya kusaga imefunguliwa sentani, ya dizeli, unapeleka debe asubuhi unarudi na unga mchana. Nimemwambia NyaGondwe kuanzia leo hatutwangi tena.

"Pumzika, mwanangu. Mikono yako imechakaa."

"Mimi sijachoka, mama."

"Nimesema pumzika."

Akainamisha kichwa. Nilidhani atafurahi, wanawake wote wa senta wanaimba sifa za mashine ile. Yeye alikwenda akakigeuza kinu kifudifudi nyuma ya jiko, akakaa juu yake.

23 Januari

Kimya. Nalala vizuri.

27 Januari

Kimya kimezidi. Anafagia, anapika, anapalilia, anamwogesha mtoto, anajibu "ndiyo mama", "hapana mama". Sima ya mashine inanuka moshi. Zamani niliposikia mchi ukienda puu, puu, nilijua yuko wapi na ana hali gani. Mchi wa mtu mwenye hasira unagonga ukingo, wa mtu mwenye usingizi unachelewa. Sasa anatokea mlangoni ghafla nashtuka. Sijui anawaza nini.

Nimejizibia dirisha nililokuwa nachungulia.

4 Februari, Jumamosi

Leo nilifanya jambo la busara, au la aibu, sijui.

Nilikuwa kilimani. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, Wongani kimya. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, simu magotini, nikasikia kijiwe kikiporomoka nyuma yangu. Sikugeuka. Kwa pembe ya jicho nikaona kitenge cha buluu nyuma ya kichaka. Amenifuata!

Nikaogopa. Akijua simu haijapigwa, na wiki nyingine haijapigwa, na mimi kila Jumamosi nashuka na salamu kedekede, ataanza kuniuliza salamu hizo nazitoa wapi. Nikainyanyua simu sikioni.

"Eeh, Wongani! Mzima mwanangu? ... Sisi wazima. ... NyaGondwe? Hajambo, anakusalimu. ... Haya. Haya. Nitamwambia."

Nilicheka hata, katikati, kama mtu aliyeambiwa la kuchekesha. Nilipogeuka kichaka kilikuwa kitupu. Nilishuka polepole nikamkuta nyumbani anachambua kunde.

"Anakusalimu," nikasema.

Hakuinua kichwa. "Nashukuru, mama."

Nadhani niliigiza vizuri.

11 Februari

Hajaniuliza habari za simu. Mara ya kwanza tangu aolewe.

18 Februari

Mahindi mabichi. Lusungu amekula manne akaumwa tumbo.

2 Machi

Amefumua nywele zake na hajazisuka tena. Nikamwambia kuwa NyaChirwa atakuja kumsuka, akasema hapana. Hali chakula mpaka mimi nimemaliza. Jana nilimkuta amemshika Lusungu mapajani, anamwambia, "Una pua ya baba yako, hiyo hakuna atakayekuchukulia." Aliponiona akanyamaza.

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo. Kwa nini amwambie mtoto kuna watu wa kumchukulia vitu? Anajiandaa kuondoka. Ng'ombe wa mahari tulitoa, wote watano, kwa hiyo mtoto ni wa ukoo wetu, na yeye anajua hivyo. Ananuia kumtorosha. Nimehamishia kitanda cha Lusungu chumbani kwangu.

6 Machi

Amekubali mtoto alale kwangu bila neno. Angepinga ningepumua.

19 Machi

Nilimbana NyaChirwa mtoni, wakati wa kufua. Nilimwambia kama ana jambo la kusema aseme, asizunguke na hadithi za kina Chavula.

Akanikazia macho. "Madamu, mimi ndiye mwenye jambo la kusema?"

"Mkwe wangu umemwambia nini?"

"Mimi? Huyo mtoto ndiye ananiambia. Hulala na wewe nyumba moja, lakini analia kwangu."

"Analia nini?"

"Muulize mwenyewe."

"Hawezi kuniambia."

"Na kazi umeipeleka mashineni, kinu umemnyang'anya. Akuambie kwa wapi sasa?" Akakamua nguo yake kwa nguvu, maji yakanirukia. "Wewe ni mtu wa vitabu, mimi nimekomea darasa la tatu. Lakini mtu akikuletea salamu kutoka kwa mumeo, unasikia kama kaja nazo mdomoni au kaziokota njiani."

Sikupenda sauti yake. Nilirudi na nguo nusu hazijafuliwa.

1 Aprili

Mvua zinaisha. Mahindi yamesimama makavu, mazuri kuliko miaka mitatu iliyopita. Wiki tatu tu. Najisemea kila asubuhi: wiki tatu tu.

Wongani alipiga. Alitaka kujua kama mavuno yatakuwa mazuri. Nikakata mimi, kwa mkono wangu.

8 Aprili

Nitaandika yote.

Juzi mashine iliishiwa dizeli. Jana unga ukatuishia. Leo asubuhi nikasikia kinu kikigeuzwa nyuma ya jiko, kikiburutwa, na NyaChirwa akaja na mchi wake begani. Nikatoka na chai yangu. Nikamwona NyaGondwe.

Amenyoa kichwa. Chote, mpaka kinang'aa. Amejifunga kile kitenge cha buluu kifuani, hana shanga, hana hereni, hana kitu.

Kwetu mwanamke hanyoi hivyo ila kafiwa. Nilisikia damu ikinipanda. Nilijisemea: amejua, na sasa anamfanyia mwanangu matanga akiwa hai! Anamtakia kifo! Huyu ni mchawi, nimekaa na mchawi, nimemlaza mjukuu wangu ukuta mmoja na mchawi. Niliweka kikombe chini nikaenda kwa hatua za mtu anayekwenda kuchapa.

Wao walikuwa wameshaanza. Puu, pa. Puu, pa. NyaGondwe alianza kuimba, na mimi mkono ukaingia mfukoni kutafuta kalamu, mazoea tu, ili niandike maneno.

Hayakuwapo maneno. Alikuwa anavuma tu, mdomo umefungwa, sauti inatoka kifuani, inapanda kidogo, inashindwa, inarudi. Hakuna mstari wa kunukuu. Hakuna tarehe ya kuweka. Miezi mitano nimekusanya maneno ya huyu mtoto kama polisi, na leo hakuniachia hata moja, na ndipo nilipomsikia. Hiyo haikuwa sauti ya kisirani. Mwenye kisirani anakuwa na mtu anayemwimbia. Huyu hakuwa na mtu. Alikuwa analia kwa namna pekee aliyoruhusiwa, na machozi yalikuwa yanadondokea ndani ya kinu, kwenye chakula chetu.

Nilisimama pale, hasira yote ikaniishia miguuni. Nikaona aibu, aibu ya kuvuliwa nguo.

Nikamwambia NyaChirwa, "Nipe mchi."

"Madamu, na goti lako hilo?"

"Nipe."

Mchi ni mzito kuliko nilivyodhani. Nilikosea pigo la kwanza, la pili nikagonga ukingo, NyaGondwe akanipisha bila kunitazama mpaka nikapata zamu yangu. Puu, pa. Nilikuwa sijui naanzia noti gani. Nikaanza tu, na sauti ikatoka imepasuka kama ya jogoo mgonjwa:

*Mwanangu ana mke mwingine, e NyaGondwe,*
*mwanangu ana mtoto mwingine huko Joni.*
*Nimelijua tangu mvua ya kwanza.*
*Nilitaka mahindi yangu yaingie kwanza, e NyaGondwe,*
*nilitaka mahindi yangu yaingie kwanza.*

Mchi wake haukushuka. Aliushika hewani. Nilidhani ataniangushia kichwani, na sikusogea.

"Mama," akasema. "Wongani yuko hai?"

"Nini?"

"Yuko hai?"

"Yuko hai, ndiyo. Jumamosi iliyopita nimeongea naye."

Mchi ukamtoka mikononi. Akakaa chini kwenye pumba, akakikumbatia kinu, akacheka. Alicheka huku analia, akisema, "Yuko hai! NyaChirwa, yuko hai, umesikia? Yuko hai!" Kisha akanirukia mimi, mimi niliyemla miezi mitano, akanishika shingo, akanibusu mkono. Sijawahi kuumia kama nilivyoumia mkono ule ukibusiwa.

NyaChirwa ndiye aliyenieleza, maana NyaGondwe hakuweza. Tangu Novemba salamu zangu zilikuja zimekufa. Maneno sahihi, sauti ya mtu anayesoma tangazo. Simu akanyimwa. Vijana wa Krismasi hawajamwona. Kisha kitenge cheusi, yeye alikiona cheusi, na nimeangalia pembeni. Kisha akakatazwa kazi, apumzike kama mjane. Kisha akanifuata kilimani, akaniona naongea na kucheka na simu ambayo haikulia.

"Hapo ndipo alipomzika mumewe," NyaChirwa akasema. "Alirudi kwangu kajipaka vumbi."

"Kwa nini hakuniuliza?"

"Akuulize mama mtu kama mwanao kafa? Ukitaja kifo cha aliye hai umemwita. Na kama kafa, wakubwa ndio wa kumwambia. Alikuwa anakungoja, Madamu. Kama mkwe wa kina Chavula. Kichwa kanyoa jana kwa kuwa kachoka kungoja ruhusa."

Ilipita kama robo saa. NyaGondwe alifuta uso, akasimama, akaokota mchi. Akatwanga peke yake. Mapigo ya kwanza yalikuwa mepesi. Kisha nikasikia yakibadilika, yakawa mazito, yanagonga ukingo, na nikajua sasa ameyafikia yale maneno mengine ya wimbo wangu.

"Miezi mitano," akasema bila kuacha kutwanga. "Miezi mitano nimemlilia mtu anayebembeleza mtoto."

"NyaGondwe, mwanangu..."

"Usiniite mwanangu leo, mama. Kesho. Leo hapana."

9 Aprili

Hakuniita kula. Nimekula viazi baridi, ni haki yangu.

15 Aprili, Jumamosi

Tulipanda kilima wote wawili, hatukusemezana. Simu ilipolia nikampa yeye. Nikasogea pembeni, lakini si mbali sana, sitadanganya humu.

Alisema maneno mawili tu: "Ni mimi."

Kisha akasikiliza. Upepo ulikuwa unavuma, sikusikia upande wa pili, ila nilimwona yeye amefumba macho, kichwa kimeinama, kama mtu anayegonga chungu asikie kimepasuka wapi. Baada ya muda akaniletea simu.

"Anataka wewe. Kwangu kakosa la kusema."

Wongani alikuwa analia. Kulia kwake nilikuamini, ila sikumbembeleza.

6 Mei

Mahindi yameingia ghalani. Yeye ndiye aliyeyaingiza, mpaka hindi la mwisho. Nilimwambia aache, akasema, "Nilipanda mimi. Siachii mchwa."

Jana aliniambia anarudi kwao Gondwe. Hajasema milele, hajasema muda. Magunia ya mahindi nimemgawia nusu, na shemeji yangu mkubwa Mhango alifika asubuhi na fimbo yake kusimamia jambo la mtoto.

"Mwanamke aende. Lusungu abaki. Ng'ombe walitoka."

"Lusungu anakwenda na mama yake," nikasema.

"Wewe unasema kama nani?"

"Kama mtu aliyeficha. Wongani akimtaka mwanawe aje mwenyewe, aseme kwa mdomo wake, mbele ya mkewe, nimsikie sauti. Mimi salamu za watu sibebi tena."

Aliniita mzee aliyerukwa na akili. Huenda. Lakini mwenye kumlaza mtoto nyumbani humu ni mimi, na kitanda nilikuwa nimeshakifunga juu ya mkokoteni.

NyaGondwe aliniaga kwa magoti, kama heshima inavyotaka. Nywele zimeanza kuota. Nilimwambia, "Nenda salama, mwanangu." Akasita, kisha akaitika.

11 Mei

Mashine ina dizeli. Sikupeleka debe.

13 Mei

Ng'ambo ya kijito wanawake wanatwanga, na wana wimbo mpya. Nimeusikia tangu jana. *Madamu kaficha sauti ya mwanawe mfukoni, Madamu kamfanya mwanamke mwenzetu mjane wa aliye hai.* Una beti nne, na kiitikio kinanitaja jina, NyaKumwenda, jina la kwa baba yangu, ili nisipotee njia. Umetungwa vizuri. Najua ulikotoka, Gondwe si mbali, na nyimbo hazingoji basi.

Nikakitoa kinu. Nikaweka mahindi, nikashika mchi, nikaanza peke yangu, puu, na kimya kirefu, puu, maana mtu mmoja wa umri wangu hana kasi. Ng'ambo walinisikia wakanyamaza. Walidhani nimekuja kugomba.

NyaChirwa akatokea na mchi begani. "Songa, Madamu. Wimbo ule hauimbwi na mtu mmoja."

"Wimbo upi?"

"Usinifanye mtoto."

Akaweka pigo lake katikati ya mapigo yangu, akauanzisha kwa sauti kubwa, ng'ambo wakaudaka. Mimi nikaitikia. Nilikosea noti nyingi. Nilipofika kwenye jina langu sikuliruka.